Skyrim kwa anayeanza: chagua silaha kwanza, mhusika atajitokeza mwenyewe

Wengi wanaoanza Skyrim humaliza jioni nzima kwenye skrini ya kuunda mhusika. Wanavuta pua, wanabadili rangi ya macho, wanapitia kabila moja baada ya jingine kama wanaochagua mchumba. Wakishaingia mchezoni wanaokota kila upanga, kila shoka na kila upinde, leo wanarusha moto, kesho wanabeba ngao. Wakifika leveli ya kumi na kitu wanashangaa mbona kila jambazi anawazidi nguvu.

Gemu hili la Bethesda lilitoka tarehe 11 Novemba 2011 na limetolewa upya mara kadhaa, lakini kanuni yake ya msingi haijabadilika: ukitumia kitu, kinakua, usipokitumia, kinabaki pale pale. Hakuna mahali unapoandikishwa kuwa shujaa, mchawi au mwizi. Kuna stadi 18, na kila moja hupanda kwa kutumika. Kwa hiyo uamuzi mkubwa wa saa zako za mwanzo si sura wala kabila, ni silaha gani itakaa mkononi. Mwongozo huu unaanzia mlangoni Helgen, mji wenye ngome ambapo gemu linaanza, na kuishia pale unapokuwa na nguvu za kwenda popote utakapo.

1. Kabila: dakika tano zinatosha

Makabila ni kumi. Kila moja linaanza na stadi moja iliyozidi kwa pointi 10 na nyingine tano zilizozidi kwa pointi 5. Tofauti hiyo inayeyuka mapema sana. Kinachobaki hadi mwisho ni vipawa vya kuzaliwa, na hivyo ndivyo vya kuangalia.

Breton hupunguza uchawi unaompiga kwa asilimia 25, na huko mbele wachawi watakapoanza kukusumbua utaona thamani yake. Orc, mara moja kwa siku ya mchezoni, anaweza kupandisha hasira kwa sekunde 60: anapiga maradufu na kuumizwa nusu. High Elf anaanza na Magicka (nguvu za uchawi) 50 za ziada. Nord hupunguza baridi kwa nusu. Argonian anapumua chini ya maji, jambo linalofurahisha kuliko linavyosaidia. Ukishindwa kuamua, chukua Breton kama unapenda uchawi, Orc kama unapenda kupiga, kisha songa mbele.

2. Helgen: usiogope kukosea upande

Joka likishavamia, utatakiwa kumfuata Hadvar wa jeshi la Dola au Ralof wa waasi. Wageni wengi husimama hapo wakidhani wanajifunga na vita vya gemu zima. Hujifungi. Wote wawili wanakupeleka kijiji cha Riverwood, na upande wa vita utauchagua baadaye sana, au usiuchague kabisa.

Ndani ya ngome hiyo okota silaha za aina mbalimbali na uzijaribu, maana msindikizaji wako anakulinda. Piga kwa upanga, piga kwa rungu, shika gongo la mikono miwili. Karibu na kutokea kuna dubu amelala. Msindikizaji atakuambia unaweza kunyata umpite, au utumie upinde anaokupa. Tumia upinde. Mshale wa kwanza ukimpata bado hajakuona, utasoma kwenye skrini kwamba pigo limeongezeka nguvu. Kumbuka hisia hiyo, tutairudia.

Na jambo dogo la muhimu kabla hujatoka: sevu. Kwenye kompyuta ni F5 kusevu haraka na F9 kurudi. Usitegemee faili moja hilo tu. Kila unapoingia pango jipya fungua menyu utengeneze sevu mpya kabisa. Umeme ukikatika wakati gemu linaandika faili, utashukuru kuwa na nyingine nyuma yake.

3. Mawe matatu njiani

Ukishuka kuelekea Riverwood utayapita mawe matatu yamesimama: la mpiganaji, la mwizi na la mchawi. Gusa moja, stadi za kundi hilo zitapanda kwa kasi ya asilimia 20 zaidi. Ukibadili nia, rudi uguse jingine, hakuna adhabu. Upinde uko kundi la mpiganaji, kunyata kuko kundi la mwizi.

Ongeza na usingizi. Kodi chumba hotelini kwa sarafu 10, lala, uamke na nyongeza ya asilimia 10 ya kujifunza kwa saa nane za mchezoni. Wachezaji wengi hawalali kabisa kwa sababu gemu haliwalazimishi.

4. Riverwood: kijiji kidogo, faida kubwa

Mtafute Alvor, mhunzi. Anakufundisha uhunzi bure: unafua kisu cha chuma kwa kipande kimoja cha chuma na ukanda mmoja wa ngozi, unakinoa kwenye jiwe la kunolea, kisha unashona kofia ya ngozi na kuiimarisha kwenye meza ya kazi. Vifaa anakupa yeye. Jifunze hapo kwamba silaha unayoibeba inaweza kuongezwa nguvu bila kununua nyingine, kwa gharama ya kipande cha chuma tu.

Wa pili ni Faendal, na hapa pana ujanja ambao wachezaji wa zamani wanaupenda. Faendal na mwimbaji Sven wanagombea msichana mmoja, Camilla, dada wa mwenye duka. Ukizungumza na Faendal atakupa barua ya uongo umpelekee Camilla kana kwamba imeandikwa na Sven. Ukimpelekea, Faendal anakuwa rafiki yako na anakubali kukusindikiza. Huyo huyo ni mwalimu wa upinde hadi kiwango cha 50. Mlipe akufundishe, kisha mwambie akusindikize, fungua mkoba wake, uchukue sarafu zako zile zile. Kila leveli unaruhusiwa masomo matano tu, hivyo ukishayamaliza endelea na safari, ukipanda leveli urudi. Barua yenyewe si ya haki kwa Sven, lakini Sven naye akipewa nafasi anaandika ya kwake.

Usimpige kuku wa kijiji hiki. Akikuona mtu, ni kosa la jinai, na kijiji kizima kinakugeukia na silaha.

5. Silaha: chagua moja uitumikie

Hapa ndipo pa kutulia.

Silaha za mkono mmoja zote zinaongeza stadi moja, iwe upanga, shoka au rungu. Kwa chuma cha kawaida upanga una nguvu ya 7, shoka 8, rungu 9. Mgeni akiona namba hizo huchukua rungu mara moja. Angalia pia kasi: upanga ndio mwepesi kuliko yote matatu, shoka linafuata, rungu ni zito la mwisho. Upanga utagonga mara nyingi zaidi kwa muda ule ule, na unakula mzigo mdogo: upanga wa chuma una uzito wa 9, rungu 13.

Tofauti halisi inakuja unapoweka pointi za umahiri, zile unazopata kila ukipanda leveli. Upanga unapata nafasi ya pigo la ghafla lenye nguvu zaidi. Shoka linamtoa adui damu, anaendelea kuumia baada ya pigo. Rungu linapuuza sehemu ya deraya yake. Kama maadui wako ni askari waliovaa vyuma, rungu lina maana. Kama ni wanyama na maiti wanaofufuka, upanga unatosha na kubaki. Kwa anayeanza nasema upanga na ngao, bila kusitasita. Ngao inakufundisha kusubiri: zuia, adui akiyumba, piga.

Silaha za mikono miwili zinapendeza kwa macho. Panga kubwa la chuma lina nguvu ya 15, zaidi ya maradufu ya upanga wa kawaida. Lakini ni za polepole na hazina ngao. Ukikosa pigo moja mbele ya watu watatu, umelala. Zifae baada ya kuzoea umbali.

Upinde pamoja na kunyata ndiyo njia inayowavuta karibu wote mwishowe, wakubali wasikubali. Bila umahiri wowote, mshale wa mtu asiyeonekana unaumiza mara mbili, na pigo la silaha ya mkono mmoja mara tatu. Ukifikisha kunyata 50 na kuweka umahiri wa Assassin's Blade, kisu kidogo kinapiga mara 15. Kisu hicho hicho ulichofua kwa Alvor kinaweza kummaliza mtu ambaye panga kubwa lingehitaji mapigo mengi. Udhaifu wake ni kwamba kila pambano linakuwa la kujificha gizani, na ukigunduliwa huna deraya ya kukuokoa.

Uchawi unaanza vizuri, moto hasa. Watroli, yaani mazimwi wenye manyoya, wanaogopa moto kuliko kitu kingine, na njiani kupanda mlima wa High Hrothgar utakutana na mmoja wa barafu anayewamaliza wageni wengi sana. Baridi ni chaguo baya la kwanza katika nchi iliyojaa Wanord na maiti wao, kwa kuwa wote wanaivumilia.

Ukishachagua, shikilia. Mshika mbili moja humponyoka, na gemu hili linaadhibu kwa namna isiyoonekana haraka: unapopandisha stadi yoyote, hata ya kuongea na wauza duka, unasogea kwenye leveli, na maadui wengi wanapangwa kulingana na leveli yako. Mtu mwenye stadi kumi za 30 anakutana na maadui wale wale wa mtu mwenye stadi tatu za 50.

6. Pointi za kila leveli

Kila ukipanda unaongeza 10 kwa kimoja: Health (uhai), Magicka au Stamina (pumzi). Stamina inaongeza pia uwezo wa kubeba kwa 5, juu ya 300 unazoanza nazo. Mpiganaji aweke mbili kwenye Health kisha moja kwenye Stamina, arudie. Mchawi asipuuze Health eti kwa sababu ana ngao ya uchawi. Joka halisomi mipango.

Pointi ya umahiri hulazimiki kuitumia papo hapo. Itunze. Ya kwanza iende kwenye silaha yako, ya pili kwenye deraya unayovaa kweli, nzito au nyepesi, si zote mbili. Uhunzi una umahiri wa Arcane Blacksmith unaohitaji kiwango cha 60; bila huo huwezi kunoa silaha yenye uchawi, na silaha nyingi nzuri za misheni zina uchawi. Uweke akilini mapema.

7. Misheni ya kwanza ya kweli: Bleak Falls Barrow

Ingia duka la Lucan Valerius Riverwood. Ameibiwa ukucha wa dhahabu. Kubali. Baadaye mchawi wa jumba la mtawala wa mji wa Whiterun, Farengar, atataka jiwe lililo katika kaburi hilo hilo, hivyo unaua ndege wawili kwa safari moja.

Nje kuna majambazi kwenye ngazi. Wavute mmoja mmoja kwa mishale. Ndani utamkuta mwingine akivuta wenzo na kuuawa na mishale ya mtego mbele ya macho yako. Usiuguse kwanza. Chumba hicho kina nguzo tatu zinazozunguka zenye picha za wanyama. Jibu liko ukutani juu ya geti, vichwa vya mawe vyenye picha. Cha katikati kimeanguka sakafuni, ndiyo maana watu hukwama. Ni nyoka, nyoka, nyangumi. Sasa vuta.

Buibui mkubwa anakungoja mbele. Mpige ukiwa mlangoni, mlango ni mwembamba hawezi kupita. Rudi nyuma akitema sumu. Nyuma yake amenaswa mtu anayeitwa Arvel, na ndiye mwizi mwenye ukucha. Ukimkata utando atakimbia nao. Mwache akimbie. Huko mbele kuna maiti wa kale wanaoamka na ukuta wa miba, na mara nyingi wanakufanyia kazi. Pekua mwili wake.

Katika vyumba vya maiti angalia sakafu. Ikimetameta, ni mafuta, na juu yake huwa inaning'inia taa ya udongo. Piga taa kwa mshale maiti wakiwa wamesimama kwenye mafuta. Hakuna silaha ya leveli ya kwanza inayofanya kazi kubwa kuliko hiyo.

Kisha mlango wa duara wenye pete tatu. Usibahatishe. Fungua mkoba, chagua ukucha, uuzungushe hadi uone kiganja chake: dubu, nondo, bundi. Panga kutoka pete ya nje kwenda ya ndani, halafu weka ukucha katikati. Kila mlango wa namna hii nchi nzima unafunguliwa hivyo, na ukucha wake wenyewe.

Chumba cha mwisho kina ukuta wa maandishi unaokupa neno lako la kwanza la sauti ya joka. Ukilipokea, jeneza nyuma yako linapasuka. Sevu kabla hujausogelea ukuta. Maiti huyo ana silaha nzito. Pigania ukimzunguka, usisimame mbele yake. Jiwe la Farengar liko mwilini mwake, na wengi wanaondoka bila kumpekua kisha wanalalamika misheni imeganda.

8. Whiterun na kushika breki

Mlinzi wa geti atakuzuia. Mwambie unaleta habari za Riverwood na joka. Ukimfikishia Farengar jiwe, misheni ya mnara wa magharibi inaanza, unaua joka lako la kwanza, na Jarl Balgruuf, mtawala wa Whiterun, anakupa cheo pamoja na Lydia wa kukusindikiza.

Hapa pana siri ya ratiba. Kabla ya misheni hiyo, majoka hayaruki ovyo nchini. Baada yake, yanaweza kukushukia popote, hata kijijini ukiwa unauza ngozi, na yanaweza kuua wauza duka unaowahitaji. Anayetaka kuzurura kwa amani na kupandisha silaha yake, akae na jiwe mkobani. Hakuna saa inayohesabu. Mimi naona huu ndio uhuru mkubwa kuliko wote katika gemu hili, na nusu ya wachezaji wanaupoteza kwa kufuata mshale wa ramani.

Muda huo utumie Jorrvaskr, jumba la kundi la wapiganaji la Companions, kama umechagua silaha za kupigana ana kwa ana. Jiunge kwa Kodlak, pambana na Vilkas, kisha upeleke upanga wake kwa Eorlund Gray-Mane juu kwenye Skyforge. Eorlund anauza panga za chuma chake zenye nguvu ya 11, sawa na upanga wa Elven, wakati upanga wa kawaida wa feleji una 8. Ujue tu kwamba misheni zao zitafika mahali unatakiwa kukubali kuwa mbwa-mwitu. Ukikataa, zinasimama hapo.

Kambi za majitu yenye tembo wenye manyoya kwenye tambarare za Whiterun, pita mbali. Rungu la jitu likikupata unaruka angani hadi kwenye mawingu, na si kwa mfano.

Ukipigwa na vampaya na kuona umepata ugonjwa wa Sanguinare Vampiris, una siku tatu za mchezoni. Kunywa dawa ya kutibu magonjwa au gusa madhabahu yoyote. Hekalu la Kynareth liko hapo Whiterun. Siku hizo zikipita, unakuwa vampaya.

9. Wasindikizaji

Msindikizaji akiishiwa nguvu hupiga magoti, na maadui kwa kawaida humwacha. Anayemuua pale mara nyingi ni wewe mwenyewe, kwa panga linalozungushwa au moto unaosambaa. Ukiwa na Lydia, piga kwa upande. Na mpe deraya nzuri unazookota. Anabeba mzigo na anavaa chenye nguvu zaidi mwenyewe.

10. Misheni za kungoja na misheni za kwenda sasa

Zawadi nyingine zina nguvu moja siku zote. Dawnbreaker ni hivyo: kuanzia leveli ya 12 unaweza kuokota jiwe la Meridia, mmoja wa miungu ya gemu hili, ndani ya sanduku fulani, au uende mwenyewe kwenye sanamu yake mlima Kilkreath, magharibi ya Solitude. Upanga huo una nguvu ya 12 na moto juu yake, na maiti wakiuawa nao wanaweza kulipuka na kuwakimbiza wenzao. Kwa nchi iliyojaa makaburi, uchukue mapema.

Nyingine zinapimwa kwa leveli yako ya siku ile ulipozichukua, na hazikui tena. Chillrend, upanga wa barafu uliomo nyumbani kwa Mercer Frey, mkuu wa kundi la wezi, mjini Riften, unafikia ubora wake wa mwisho ukiuchukua ukiwa leveli ya 46 au zaidi. Nightingale Blade nao ni vile vile. Ukizichukua leveli ya 15 utabaki na silaha dhaifu yenye jina kubwa. Misheni za wezi wa Riften zianze, lakini zisimamishe kabla ya kuvamia nyumba hiyo.

Ziko pia zinazodai damu. Ebony Blade, inayoanzia kwa minong'ono ya mtoto wa Balgruuf, huongezeka nguvu kwa kuua watu wanaokuamini. Na licha ya umbo lake jembamba ni silaha ya mikono miwili, hivyo kama umejenga upanga na ngao haitakufaa hata ukiwa tayari kulipa gharama hiyo. Fungua orodha ya stadi, angalia ile iliyo juu kuliko zote, na misheni isiyokupa silaha ya stadi hiyo iache ikae.